Kukaa Ndani bila Kuvunjika Moyo: Eda, Arobaini na Mafunzo ya Zuio la Mji wa Kale, Mombasa, 2020

1. Utangulizi

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, serikali kadhaa zilikuwa zimekwisha kuwaamuru raia wao wakae majumbani, na katika muda wa wiki chache watu waliozoea kutoka alfajiri na kurudi jioni walijikuta wakiishi saa zote kati ya kuta zilezile. Kenya, iliyotangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, ilifunga shule, ikasitisha ibada za pamoja, kisha tarehe 27 Machi ikaanzisha kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Maelekezo mengi yaliyotolewa kwa umma yalihusu kunawa mikono, kuvaa barakoa na kuachiana nafasi. Kuhusu hali ya moyo, ushauri uliosikika mara nyingi uliishia kwenye burudani, yaani filamu, muziki, michezo ya simu na mazoezi ya viungo.

Mada hii inatetea hoja kwamba burudani ni sehemu ndogo ya suala lenyewe. Mtu huweza kukaa ndani kwa muda mrefu bila kuvunjika moyo anapokuwa na mambo manne: anaujua mwisho wa kukaa kwake, anaielewa maana yake, yumo katika mzunguko wa kuhudumiwa na kuhudumia, na siku yake ina mpango. Mambo hayo yanaonekana wazi katika desturi mbili ambazo Waswahili wamekuwa nazo kwa karne nyingi, eda na arobaini, na yanaweza kupimwa kwa yaliyotokea Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 2020.

2. Maneno yanayotumika

Karantini ni kumzuia mtu aliyekaribiana na mgonjwa, ambaye huenda ameambukizwa ingawa hana dalili, ilhali kutengwa ni kumweka kando mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa. Zuio la eneo ni amri inayokataza watu kuingia au kutoka katika mtaa, kaunti au mji fulani, hata kama ndani ya mipaka hiyo wanaruhusiwa kutembea, na kafyu ni amri ya kutotoka nje kwa saa maalumu. Hatua hizi hutofautiana kwa ukali, lakini kwa mtu anayezipitia matokeo yake yanafanana, kwa kuwa zote humkatia njia zake za kila siku za kupata riziki na kukutana na wenzake.

Inafaa pia kutenganisha unyonge wa moyo na ugonjwa. Unyonge wa moyo ni hali ya kuchoka, kuchukizwa na mambo madogo na kukosa hamu, ambayo humpata karibu kila aliyefungiwa na hupungua mazingira yakibadilika. Sonona ni maradhi: huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, ikiambatana na kuvurugika kwa usingizi, kupoteza hamu ya chakula au ya kazi, na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Mapendekezo ya mada hii yanahusu hali ya kwanza. Hali ya pili inahitaji daktari au mshauri nasaha, na kumwambia mgonjwa wa sonona ajikaze ni kumwongezea mzigo.

3. Kinachovunja moyo

Mwezi Februari 2020, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti 24 kuhusu athari za karantini katika nafsi, yaliyoandaliwa na Samantha Brooks na wenzake wa King's College London. Tafiti hizo zilitokana na milipuko ya awali, ikiwamo SARS na Ebola, na zilionyesha kwamba waliozuiliwa walisumbuliwa na muda mrefu, hofu ya kuambukizwa, kuchoshwa na kukaa bure, upungufu wa mahitaji, habari zisizotosha, hasara ya kipato na kunyanyapaliwa. Baadhi ya tafiti zilionyesha pia kwamba waliozuiliwa kwa zaidi ya siku 10 walikuwa na dalili nyingi zaidi za kiwewe kuliko waliozuiliwa kwa muda mfupi.

Orodha hiyo inafundisha jambo moja muhimu, nalo ni kwamba kukaa bure, ambako ndiko burudani hukutibu, ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi, na kwamba sababu nyingine zinahusu chakula, fedha, habari na heshima ya mtu. Athari za kuzipuuza zilionekana kwa ukubwa wake baadaye: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hili, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioathirika zaidi walikuwa vijana na wanawake.

4. Desturi mbili za kukaa ndani

Eda ya mjane, kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, ni miezi minne na siku kumi, isipokuwa akiwa mjamzito, ambapo eda yake huisha anapojifungua. Katika muda huo mwanamke hukaa nyumbani, hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki pasipo dharura. Arobaini ni siku 40 za mzazi, yaani mama aliyejifungua, ambaye hukaa ndani akikandwa kwa maji ya moto, akipikiwa vyakula vya kumrudishia nguvu kama uji wa pilipili manga na supu, huku kazi zote za nyumba zikishikwa na mama yake, shangazi au mawifi.

Muda wa hali zote mbili ni mrefu kuliko karantini nyingi, na ya kwanza huanza katika msiba, wakati moyo umekwisha kuumia. Hata hivyo jamii haikuziona kuwa kifungo, na sababu zake zinaweza kutajwa. Kwanza, siku ya kutoka inajulikana tangu siku ya kuingia, na watu wa nyumbani huihesabu pamoja na mhusika. Pili, kila mtu anaielewa maana yake: mjane anatimiza haki ya marehemu na amri ya dini, na mzazi anajenga upya mwili wake na kumlinda mtoto. Tatu, anayekaa ndani haachwi peke yake, kwa sababu ndugu na majirani huwa na zamu za kuja, za kupika na za kulala naye. Nne, siku ina mafungu yanayojulikana, kuanzia kuoga na kukandwa hadi ibada, kula na kupokea wageni.

Janga la UVIKO-19 liliwataka watu wakae ndani, lakini liliwanyima karibu yote manne. Wageni, ambao ndio nguzo ya eda na arobaini, walikatazwa. Mwisho nao ulikuwa ukisogea: zuio la kuingia na kutoka Nairobi, lililoanza tarehe 6 Aprili kwa siku 21, liliongezwa mara kwa mara hadi mwanzoni mwa Julai, na kafyu iliendelea, kwa saa zilizobadilishwa mara kadhaa, hadi ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mtu aliyejiandaa kuvumilia wiki tatu, kisha akaambiwa aanze kuhesabu upya, hupoteza zaidi ya siku zilizoongezwa, kwa maana hupoteza pia imani kwamba kuhesabu kwake kuna faida.

5. Mji wa Kale, Mei 2020

Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba watu hawataruhusiwa kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kwa siku 15, na kwamba masoko na mikahawa ya humo itafungwa. Baadaye amri hiyo iliongezwa muda hadi tarehe 6 Juni. Mji wa Kale ni mtaa wa vichochoro vyembamba na nyumba zilizoshikana, zenye baraza za mawe mbele ya milango na roshani za mbao juu, na maisha yake ya kijamii kwa sehemu kubwa huwa nje: wanaume hukaa barazani baada ya alasiri, muuza kahawa hupita na dele lake, na wakati wa Ramadhani mitaa huchangamka usiku kuliko mchana.

Saa za kafyu zilivyoangukia saa za Ramadhani zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwezi Mei jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili na robo hivi jioni, na kafyu ilianza saa moja, hivyo kati ya kufuturu na kufunga mlango kulikuwa na dakika zisizozidi 45. Sala ya isha huingia karibu saa moja na nusu, na tarawehe huswaliwa baada yake. Kwa hiyo hata misikiti ingekuwa wazi, tarawehe ya jamaa isingewezekana. Baraza la usiku, ambalo kwa wanaume wengi ndilo mahali pa kutolea ya moyoni, nalo lilikufa kwa saa hizohizo.

Lililobaki na nafasi ya kuendelea ni lile lililofanyika kabla ya magharibi, nalo ni kupelekeana futari. Kwa desturi ya mwambao, sahani ya kaimati, mbaazi za nazi au viazi vya karai hutoka nyumba moja kwenda ya jirani wakati wa jioni, na sahani hiyo hairudishwi tupu. Desturi hii inaweza kuendelea bila mtu kuingia nyumbani kwa mwingine, kwani sahani hupokelewa mlangoni, na ndani yake mna mambo mengi kwa pamoja: chakula kwa asiyekuwa nacho, habari za afya ya jirani, na hisia ya mpishi kwamba yupo anayemngoja. Tarawehe nazo zilihamia majumbani, ambapo baba au kijana aliyehifadhi Kurani aliwaongoza watu wa nyumba yake, wakiwamo wanawake na watoto.

Katika suala la maana, Waislamu walikuwa na hazina ya zamani. Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu tauni, yanayomtaka mtu asiingie katika nchi yenye maradhi hayo wala asiikimbie akiwa ndani yake, yalinukuliwa sana mwaka huo. Kwa anayeyaamini, mafundisho hayo huifanya subira ya kukaa ndani kuwa ibada, na hapa dini inakutana na mapitio ya The Lancet, ambayo yalihitimisha kwamba karantini ya hiari, inayokubaliwa kwa ajili ya kuwakinga wengine, haiumizi kama ya kulazimishwa.

Hali hiyo isipambwe kupita kiasi. Muuza viazi vya karai ambaye kipato chake cha mwaka hutegemea jioni za Ramadhani, kuli wa sokoni na mfanyakazi wa mkahawa uliofungwa hawakuweza kutulizwa kwa mafundisho pekee, kwa maana mtu asiyejua watoto watakula nini kesho hana nafasi ya kupanga siku. Mfano mkali zaidi ni wa kitongoji cha West Point mjini Monrovia, Liberia, kilichozingirwa ghafla na askari mwezi Agosti 2014 kwa sababu ya Ebola: wakazi hawakuandaliwa, ghasia zikazuka, na zuio likaondolewa baada ya siku 10 hivi.

6. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa kwa familia, viongozi wa mitaa na wa dini, na serikali.

Kwanza, chakula na kipato vitangulie ushauri. Kamati ya mtaa iwe na orodha ya vibarua, wajane, wazee wanaoishi peke yao na wapangaji wageni kabla mlipuko haujatokea, ili msaada uwafikie siku ya kwanza.

Pili, muda utajwe kwa ukweli. Kama wataalamu wanatarajia miezi mitatu, ni afadhali serikali itaje miezi mitatu na kupunguza baadaye kuliko kutaja wiki tatu na kuongeza mara nne.

Tatu, kila nyumba iwe na ratiba inayomgusa kila mtu. Saa ya kuamka, ya kazi, ya masomo ya watoto, ya ibada na ya kulala zibaki zilezile, na kila mmoja, hata mtoto wa miaka sita, awe na jukumu ambalo asipolitimiza wengine watalikosa. Burudani ina mahali pake hapa, kama mapumziko baada ya kazi.

Nne, habari zipokewe kwa kiasi. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wafuatilie taarifa za ugonjwa mara moja au mbili kwa siku, kutoka vyanzo vinavyoaminika. Aliyesikiliza taarifa ya kila siku ya Wizara ya Afya alikuwa na habari za kutosha. Sauti zilizosambazwa usiku kucha kwenye makundi ya WhatsApp zilimwongezea hofu tu.

Tano, zamu za eda na arobaini zigeuzwe zamu za simu na za mlangoni. Mzee anayeishi peke yake apangiwe mtu wa kumpigia asubuhi na mtu wa kumletea chakula jioni, na yeye pia aombwe jambo analoliweza, kama kumsikiliza mtoto wa jirani akisoma Kurani kwa simu au kumwelekeza binti namna ya kupika, kwa sababu anayepokea tu kila siku huanza kujiona mzigo. Wanaume waliozoea baraza wahesabiwe miongoni mwa walio hatarini, maana mara nyingi hawana njia nyingine ya kuzungumza.

Sita, ikumbukwe kwamba nyumba si salama kwa kila mtu. Mwanzoni mwa Aprili 2020 Jaji Mkuu wa Kenya wakati huo, David Maraga, alieleza kwamba makosa ya kingono yalikuwa yameongezeka sana nchini. Nambari za msaada, kama 1195 kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia na 116 kwa watoto, zitangazwe pamoja na kila amri ya kukaa ndani, na anayekimbia kipigo usiku asihesabiwe kuwa mvunja kafyu.

7. Hitimisho

Mapendekezo haya yana mipaka yake. Mzunguko wa sahani unategemea majirani wanaojuana, na familia ya watu saba katika chumba kimoja cha kupanga haiwezi kugawa siku kama familia yenye ghorofa na ua. Hata hivyo, eda na arobaini hazikuanza katika nyumba za matajiri, na gharama yake kubwa ni muda na kujali. Mlipuko mwingine ukija, jamii za mwambao hazitahitaji kuanza upya: zinajua kumhesabia siku anayekaa ndani, kumpikia na kumpa sababu ya kuvumilia. Linalodaiwa sasa ni kwamba mamlaka zinazotoa amri ya kukaa ndani zitaje mwisho wake, zieleze sababu yake na zigharamie chakula chake, ili majirani nao waweze kutimiza sehemu yao.