Tuliyoyaona Painshill
Mazungumzo ya mweka hazina msaidizi katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi



Nimepewa dakika chache nieleze matembezi yetu ya siku moja katika bustani ya Painshill, huko Cobham, Surrey, kusini-magharibi ya London. Wengine mlikuwa kazini, wengine mlibaki na watoto. Kwa hiyo waliokwenda wanivumilie, maana haya wanayajua.

Painshill si bustani ya vitalu vya maua. Ni ekari 158 za vilima, miti mikubwa na ziwa la ekari 14. Ukitazama utadhani Mungu ameviweka hivyo hivyo. Kumbe ziwa ni kazi ya mikono ya watu, na maji yalipandishwa kwa gurudumu kutoka mto Mole, ambao uko chini ya ziwa lenyewe. Aliyebuni yote hayo ni Charles Hamilton, aliyeanza kazi mwaka 1738. Baba yake alikuwa Earl of Abercorn, lakini yeye alikuwa mtoto wa 14. Na mtoto wa 14 anarithi nini, akina mama? Mnajua wenyewe.

Njia inakuzungusha, na kila ukikata kona unakutana na jengo. Majengo hayo hayakujengwa ili mtu akae, bali yapendeze macho. Waingereza wenyewe wanayaita kwa neno lenye maana ya upumbavu! Kuna hekalu jeupe lenye matao yaliyochongoka, ukiliona kwa mbali ni jiwe tupu. Mama mmoja wa kwetu akaligonga kwa kidole, akageuka: "Jamani, mbona huu ni ubao?" Ni kweli, ni mbao zilizopakwa zifanane na jiwe.

Kuna pango kando ya ziwa, kuta zake zimebandikwa vipande vya madini vinavyometameta maji yakivimulika. Pale tulinyamaza wote, hata wale wasionyamaza mikutanoni. Kuna pia kibanda cha mtawa. Inasimuliwa kwamba Hamilton aliahidi guinea 700 kwa mtu atakayekaa humo miaka saba bila kukata nywele wala kucha. Aliyepatikana, eti, alidumu wiki tatu tu, akakutwa kilabuni.

Lakini kilichonigusa mimi ni gofu la nyumba ya watawa, lililo ukingoni mwa ziwa. Sisi wa pwani tunajua magofu ya Kilwa na Gedi. Yale yalikaliwa na watu kweli, wakaishi, wakafa. Hili la Painshill lilijengwa mwaka 1772 likiwa gofu tangu siku ya kwanza! Na mahali lilipo palikuwa na kiwanda cha matofali na vigae, ambacho Hamilton alitegemea kimwingizie fedha. Kiwanda kikashindwa, akajenga gofu papo hapo. Mwaka uliofuata, 1773, akaiuza Painshill yote ili alipe madeni. Alikuwa amekopa kwa marafiki, akiwamo tajiri wa benki, Henry Hoare. Akahamia mji wa Bath, akafariki huko mwaka 1786.

Ndugu zangu, simcheki mzee Hamilton. Alipanda miti ambayo vivuli vyake vingefaidiwa na wengine, na hata sisi tulikula maandazi yetu chini ya miti ya Painshill. Ila kitu alichokopea hakikuweza kulipa mkopo.

Nayasema haya kwa sababu mnajua lililo mezani. Baada ya sherehe hii tutapiga kura kuhusu pendekezo la kukopa benki ili tununue ukumbi wetu wenyewe. Wapo wanaosema miaka 10 ya kukodi kumbi za watu inatosha, na wana haki. Mimi naomba kabla ya kura tujibiwe maswali mawili. La kwanza: kila mwezi ukumbi utaingiza nini, na nani atakayeukodi? La pili: mwezi usipoingiza kitu, benki italipwa kutoka mfuko gani? Kama jibu ni mfuko wa msiba, mimi nitasema hapana. Ule mfuko ndio umewasafirisha wapendwa wetu wakazikwe nyumbani. Sisi tuliotoka Tanzania tunaita upatu, wenzetu wa Kenya wanaita chama, lakini machozi ni yale yale.

Nimalizie na hili. Mwaka 1948 Painshill iligawanywa, ikauzwa vipande vipande, ikamezwa na vichaka. Mwaka 1980 halmashauri ya Elmbridge ilinunua sehemu kubwa, na mwaka 1981 ikaundwa taasisi ya kuifufua. Watu wa kujitolea walifyeka, wakachimbua misingi, wakajenga upya kidogo kidogo. Mwaka 1998 kazi hiyo ilipewa medali ya Europa Nostra. Basi bustani iliyomshinda bwana mmoja kwa mikopo imesimamishwa na watu wengi kwa vidogo vidogo vyao. Kazi hiyo tunaijua, akina mama. Haba na haba, ndivyo tulivyofika hapa.