Watoto Wetu Waimbapo Shuleni

Leo twapenda kusema nanyi habari ya siku ile watoto wadogo wa shule waimbapo mbele ya wazazi wao. Huko Dutumi, kama katika vijiji vingi vya Wazaramo na Wakwere, siku hiyo yajulikana sana. Madawati hutolewa nje yakapangwa kivulini, akina mama huja na watoto wachanga mgongoni, na wale wa darasa la kwanza husimama safu mbili, wafupi mbele na warefu nyuma, huku macho yao yakizunguka kumtafuta mama au baba.

Wako wazee wasemao kwamba kuimba ni mchezo tu, na mtoto amepelekwa shule ajue kusoma. Wazee hao twawaheshimu, lakini na wakumbuke kuwa jandoni na unyagoni mafunzo mengi mazito yalitiwa katika nyimbo, kwa kuwa neno lililoimbwa halisahauliki upesi. Basi shule haikuleta jambo geni.

Tena wimbo wa watoto si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, katika Afrika ya Kusini, jina lake Enoch Sontonga, alitunga wimbo, akawafundisha wanafunzi wake. Aliandika tungo zake kwa alama za do, re, mi, zile zile walizozitumia walimu wengi katika Afrika. Alikufa mwaka 1905, wala hakujua wimbo ule utafika wapi. Lakini Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichukua sauti ya wimbo huo kuwa ya wimbo wake wa taifa, na watoto wetu huiimba hata leo. Yamkini wazazi waliousikia mara ya kwanza walidhani ni wimbo wa shule tu.

Sasa liko jambo moja ambalo hatuna budi kulisema kwa upole. Desturi yetu ya kutuza ni njema: mtu akipendezwa na mwimbaji huinuka akampa fedha, au akamfunga kanga. Lakini shuleni twaona mzazi akiingia kati ya wimbo, akamwendea mtoto wake peke yake, akamtia shilingi mkononi. Aliyetuzwa husahau sauti yake. Na yule aliye kando yake, ambaye hana mtu pale, ama kwa kuwa ni yatima, ama kwa kuwa wazazi wake hawakupata nafasi, huona haya, akainama, akanyamaza. Kisha wa tatu naye hunyamaza, na wimbo ukavunjika.

Kuimba pamoja ni kama kutwanga watu watatu katika kinu kimoja. Kila mmoja hana budi kumsikiliza mwenziwe, maana mmoja akifanya haraka michi itagongana. Hilo ndilo fundisho kubwa alipatalo mtoto katika kuimba, nasi wazazi tusilivunje kwa mikono yetu wenyewe.

Basi twawaomba mambo matatu. Kwanza, njoni, baba na mama, mkae hata mwisho. Mtoto akimwona mzazi wake sauti hupata nguvu. Pili, mtoto akisahau maneno, msimcheke, wala msimkaripie mkifika nyumbani; jioni mwambieni awaimbie tena. Tatu, wekeni ungo mmoja mbele ya safu, na wimbo ukiisha kila mwenye kitu atie humo, iwe tuzo ya watoto wote. Na yule asiye na mtu, mtazameni yeye pia, mpigieni makofi, ajue kuwa ameonekana.

Wazee wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana.