Kilio cha Wakulima na Kalamu ya Luther: Mwaka 1525

(Hotuba kwa Wazee wa Kanisa na viongozi wa vikundi, katika semina ya maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, Makanisa ya Kilutheri huukumbuka mwaka 1517 na zile hoja 95 za Dk. Martin Luther kule Wittenberg. Hukumbukwa pia mwaka 1521, aliposimama mbele ya Kaisari Karl V katika mji wa Worms, akakataa kuyakana maandishi yake. Hiyo ni miaka ya ushujaa, na ni haki isimuliwe kwa furaha. Lakini upo mwaka mwingine ambao mara nyingi hupitwa kimya kimya, nao ni mwaka 1525. Katika mwaka huo Mtengenezaji wa Kanisa aliandika kijitabu kilichowashtua hata marafiki zake mwenyewe. Usharika unaoadhimisha miaka mia moja hauna budi kuijua historia yote ya Kanisa lake, iliyo ya nuru na iliyo ya giza.

1. Mzigo wa wakulima

Katika karne ya 16 watu wengi wa Ujerumani walikuwa wakulima, na wengi wao hawakuwa huru. Waliishi katika utwana, wamefungwa na ardhi ya kabaila. Walilipa kodi ya shamba, walitoa zaka ya nafaka na ya mifugo, na walifanya kazi za bwana wao bila ujira. Mkulima alipofariki, kabaila aliweza kumchukua mnyama aliye bora zizini, naye mjane akabaki na machozi na upungufu. Misitu na mito ambayo zamani ilikuwa ya kijiji kizima ilitwaliwa, hata kuni na samaki vikawa mali ya mkubwa.

Maasi yalikuwapo kabla ya Luther. Lakini safari hii wakulima walikuwa na neno jipya mdomoni. Mwaka 1520 Luther alikuwa ameandika juu ya uhuru wa Mkristo. Mwaka 1523 alifundisha kwamba usharika una haki ya kuyapima mafundisho na kumwita mchungaji wake. Mafundisho hayo yalihubiriwa vijijini na kusomwa sokoni, na mtwana aliposikia neno "uhuru" aliitazama minyororo yake.

2. Vifungu Kumi na Viwili

Maasi yalianza kusini-magharibi, katika nchi ya Stühlingen, wakati wa kiangazi cha mwaka 1524. Mwezi Machi 1525 wajumbe wa wakulima wa Swabia walikutana katika mji wa Memmingen. Huko ndiko vilikotokea Vifungu Kumi na Viwili, ambavyo huhesabiwa kuwa kazi ya Sebastian Lotzer, fundi wa ngozi za manyoya, pamoja na mhubiri Christoph Schappeler. Viwanda vya kupigia chapa vilivieneza upesi katika Ujerumani yote.

Inafaa vifungu hivyo visikilizwe kwa utulivu. Cha kwanza kiliomba kila usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, naye aihubiri Injili safi, na akikosa aweze kuondolewa. Cha pili kilikubali zaka ya nafaka, ila itumike kumtunza mchungaji na kuwasaidia maskini. Cha tatu kilidai utwana ukomeshwe, kwa sababu Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, mchungaji wa mifugo sawasawa na mkubwa. Vingine vilihusu uwindaji, kuni, kodi, hukumu za haki, na ile desturi ya kuwanyang'anya wajane. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba, kama lolote kati ya hayo litaonyeshwa kuwa kinyume cha Maandiko, wakulima wataliacha.

Watu walioandika hivyo hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa washarika walioyapeleka mashauri yao mbele ya Neno la Mungu.

3. Luther kati ya pande mbili

Mwezi Aprili 1525 Luther aliwajibu kwa kitabu cha kuwaonya watu wa pande zote mbili wadumishe amani. Aliwageukia makabaila kwanza. Aliwaambia waziwazi kwamba wao ndio chanzo cha msiba huo, kwa kuwa waliikandamiza Injili na kuwanyonya watu wao ili waishi katika anasa. Kisha aliwaonya wakulima. Madai yao mengi aliyaona kuwa ya haki, lakini alikataa wasiite uasi wao kwa jina la Kristo. Kuhusu utwana alisema kwamba uhuru wa Mkristo ni wa rohoni, na kwamba hata mtumwa aweza kuwa nao. Jibu hilo liliwaacha wengi na njaa.

Kabla kitabu hicho hakijafika mbali, mambo yaliharibika. Siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili, wakulima waliuteka mji wa Weinsberg wakamuua kabaila Ludwig von Helfenstein na watu wake. Nyumba za watawa na ngome zilichomwa moto. Huko Thuringia mhubiri Thomas Müntzer, aliyewahi kuwa mfuasi wa Luther, alifundisha kwamba wakati wa mavuno umefika, na waovu hawana budi kuangamizwa kwa upanga. Luther alisafiri katika nchi hiyo akijaribu kuhubiri amani, akapokelewa kwa dharau.

Ndipo aliposhika kalamu tena, mwanzoni mwa mwezi Mei. Katika kijitabu kikali aliwataka watawala wawapige na kuwaua waasi bila kusita, kama mtu amwuavyo mbwa mwenye kichaa. Hakuna namna ya kuyalainisha maneno hayo.

Siku zile zile, tarehe 5 Mei, Mteule Friedrich wa Saxony, mlinzi wa Luther, alifariki dunia. Mzee huyo alikuwa amemwandikia ndugu yake Johann kwamba huenda maskini hao walipewa sababu ya kuasi. Mtawala aliyekuwa karibu na kaburi alikuwa mpole kuliko mhubiri.

4. Frankenhausen

Tarehe 15 Mei 1525 majeshi ya Philipp wa Hesse na Georg wa Saxony yaliwazingira wakulima wa Müntzer juu ya kilima karibu na Frankenhausen. Walikuwa maelfu, wenye silaha hafifu, na bendera yao ilikuwa na upinde wa mvua. Duara la rangi lilipoonekana kulizunguka jua, Müntzer aliwaambia kuwa ni ishara ya Mungu. Mizinga ililia na safu zao zikavunjika. Waliouawa huhesabiwa kuwa 5,000 au zaidi, hali upande wa watawala walikufa wachache sana. Müntzer alikamatwa, akateswa, na tarehe 27 Mei akakatwa kichwa. Katika vita vyote inakadiriwa walikufa watu kati ya 70,000 na 100,000.

Kijitabu cha Luther kilienea wakati damu ilikuwa tayari inamwagika, na watu wengi walikisoma kana kwamba ndicho kilichouruhusu uuaji huo. Rafiki yake Johann Rühel alimwandikia akieleza jinsi watu walivyokwazwa. Mwezi Julai Luther alitoa barua ya kujitetea. Aliwakemea makabaila walioendelea kuua baada ya ushindi, lakini neno lake la kwanza hakulifuta. Miaka kadhaa baadaye, akizungumza mezani, alikiri kwamba damu ya wakulima i juu ya shingo yake, kisha akaitupa kwa Mungu, akidai kuwa ndiye aliyemwamuru kusema. Maji yakimwagika hayazoleki.

5. Arusi katika mwaka wa msiba

Tarehe 13 Juni, mwezi mmoja tu baada ya Frankenhausen, Luther alimwoa Katharina von Bora, mtawa aliyeikimbia nyumba ya watawa ya Nimbschen mwaka 1523. Johannes Bugenhagen ndiye aliyewafungisha ndoa. Philipp Melanchthon hakualikwa, naye alisikitika kwamba jambo hilo lilifanywa wakati Ujerumani inaomboleza. Hata hivyo nyumba ya mchungaji, yenye mke, watoto na wageni mezani, ilipata kielelezo chake katika mwaka huo wa makaburi.

6. Yaliyofuata

Baada ya vita wakulima wengi waliacha kumwamini Luther. Sharika nazo zilipoteza nafasi ya kujiamulia. Watawala walichukua uangalizi wa Kanisa, na mpango huo ulidumu katika nchi za Kilutheri za Ujerumani hadi mwaka 1918.

Lakini lilitokea pia jambo jema. Sharika zilipokaguliwa kuanzia mwaka 1527, Luther alijionea jinsi watu wa vijijini walivyoachwa bila mafundisho, hata wengine hawakuijua Sala ya Bwana. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kwa lugha ambayo baba aweza kuifundisha nyumbani. Vijana wa kipaimara wanaoikariri leo wanarithi kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa wakulima wale wale.

7. Fundisho kwa Jubilei

Wapendwa, Luther hakuwa malaika. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na mwaka 1525 maisha yake yaliithibitisha hoja hiyo. Anayemheshimu hana haja ya kuuficha mwaka huo.

Katika miaka mia moja ya Usharika wowote wamekuwapo watu waliokuja na vifungu vyao mikononi: juu ya sadaka na matumizi yake, juu ya mtumishi wao, juu ya shamba au mjane aliyedhulumiwa. Jubilei ni wakati wa kuuliza kama walisikilizwa walipokuja kwa upole, au kama walijibiwa tu walipopaza sauti. Wakulima wa Memmingen waliomba waonyeshwe kosa lao katika Maandiko. Wengi wao walionyeshwa upanga.

Mungu alijalie Kanisa lake masikio kabla ya kulipa kalamu. Amina.