Deni la Baba: Maneno Yaliyosemwa Kanyenye



Tumekutana hapa Kanyenye, katika mji ambao misafara ya kale iliupitia ikishuka pwani na pembe na watumwa, ikapanda bara na nguo na shanga. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mtoto wa maskini hana mwanzo. Basi na tumtazame mtu mmoja aliyekuja bara kwa msafara, naye aliwahi kuuzwa kama nguo hizo.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga, akawapeleka kisiwani Malta mwaka 1881. Atiman alisoma huko hata 1888, kisha akatumwa Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, akafika 1889.

Angalieni: waliomkomboa hawakumwacha mlangoni na shuka moja na baraka. Walimpa kazi ya mkono, na miaka ya kuisoma.

Akatibu Karema hata kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka 67. Sisi makarani tuhesabuo miaka ya pensheni, na tuitafakari hesabu hiyo!

Alioa huko, na mwanawe Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Hapa twataka kukaa kidogo. Mtu aliyenyang'anywa baba utotoni aliujua ubaba kwa walezi tu, naye akautenda. Upadre ulidai miaka mingi ya shule, na Kilatini juu yake. Mwana hafiki huko kama nyumbani hakuna amngojaye.

Sisi tunao mshahara wa kila mwezi, na baba zetu wengi tuliwajua. Lakini wamo miongoni mwetu (wala hatujitoi) walipao deni la duka kabla ya karo, na wampelekao mtoto kwa mjomba wakaita jambo hilo malezi. Akirudishwa kutoka shule twasema ni majaliwa ya Mungu. Imani ya Atiman haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa imani ya kwenda kwa wagonjwa kila siku.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama aandike, kabla ya mkutano ujao, jina la mtoto mmoja asiye na mlezi atakayemfundisha hesabu jioni, na chini yake majina ya watoto wake mwenyewe na madarasa waliyomo. Daftari li mezani pa Karani wa chama.