Anayechekwa na Haki ya Kujibu



Katika mazungumzo yake yaitwayo Philebus, Plato anampa Sokrate kazi ya kueleza ni mtu wa namna gani anayetuchekesha. Jibu la Sokrate ni kwamba tunamcheka mtu asiyejijua: anayejiona tajiri, mzuri au mwenye hekima kuliko alivyo. Kisha anaweka sharti ambalo wasomaji wengi hulipita bila kusimama. Wasiojijua wako wa aina mbili. Kuna wanyonge, ambao wakichekwa hawawezi kulipiza, na hao ndio tunaowaona vichekesho. Kuna pia wenye nguvu, ambao wanaweza kulipiza, na hao hatuwacheki, tunawaogopa. Ujinga wa wote wawili ni mmoja, ila mmoja anachekwa na mwingine anakwepwa, na kinachowatenga ni uwezo wa kujibu. Plato hakuliendeleza jambo hilo, maana shughuli yake pale ilikuwa kuonyesha jinsi raha na maumivu yanavyochanganyika rohoni. Mimi nitaanzia alipoliacha. Hoja yangu ni kwamba kicheko kinaonea pale anayechekwa anapokosa pa kujibia. Kwa hiyo tukitaka kujua kama mzaha fulani ni wa kuonea, tusianze na maneno yake wala na nia ya aliyeutoa. Tuulize kwanza: huyu anayechekwa akirudisha, nini kitampata?

Falsafa ya kicheko haijawahi kupewa heshima kubwa vyuoni. Ukisema unafundisha maadili ya vita au ya tiba, watu huitikia kwa kichwa. Ukisema unafundisha maadili ya vichekesho, hukaa wakisubiri uwachekeshe. Labda ndiyo maana wachache waliolishughulikia suala hili wamekuwa wakilitafuta jibu mahali pamoja, yaani ndani ya kifua cha anayecheka. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, alisema kicheko ni fahari ya ghafla inayomjia mtu akijilinganisha na kasoro za mwenzake, na akaongeza kwamba wanaopenda sana kuwacheka wengine ni wale wanaojihisi wamepungukiwa. Zaidi ya karne tatu baadaye, mwaka 1987, mwanafalsafa Ronald de Sousa alidai kuwa mtu hawezi kuuona mzaha wa kuwadhalilisha wanawake kuwa unachekesha kama yeye mwenyewe hana mtazamo ule unaoubeba mzaha huo. Kucheka, kwake, ni kujifichua. Yote hayo yana ukweli, lakini yanatuachia kesi nyingi mkononi. Mtu mwenye moyo mweupe anaweza kutoa mzaha ukamwangamiza jirani yake, na mwenye chuki tele anaweza kumcheka tajiri kutwa nzima asimpunguzie chochote. Ukiupima moyo tu, hutaona tofauti ya madhara hayo mawili inatoka wapi.

Sisi tulio huku Afrika Mashariki tuna ushahidi ambao Hobbes hakuwa nao. Chukua utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mara nyingi huelezwa kwa njia za misafara ya biashara, au ule wa Wangoni na Wahehe, ambao huelezwa kwa vita vyao vya karne ya 19. Uangalie msibani, maana huko ndiko unakoonekana ulivyo. Maiti iko ndani, wafiwa wanalia, na mtani anaingia akiigiza mwendo wa marehemu, anatangaza kuwa kilichomuua ni ulafi, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkamata. Mtani huyo na wenzake ndio pia wanaoteka maji, wanaopika na wanaosaidia kuzika, kwa hiyo dhihaka yao inakuja pamoja na jasho lao. Na kila mtu pale anajua kwamba msiba ukihamia kwa mtani, naye atafanyiwa vilevile bila kupunguziwa. Anayekasirika ndiye anayeonekana amekosa, na anayejibu kwa ngumi amekosa zaidi.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri kuhusu mahusiano ya namna hii, akayaeleza kuwa ni kukosa heshima kulikoruhusiwa, njia ya kuwaweka pamoja watu ambao vinginevyo wangegombana. Wengi wamelichukua fundisho hilo la amani na kuishia hapo. Lakini katika makala ileile aligawa utani mafungu mawili: ule ambao kila upande unaweza kumtania mwenzake, na ule ambao mmoja anatania na mwingine anapokea tu, akirudisha kidogo au asirudishe kabisa. Kwake huo ulikuwa mgawanyo wa kupanga data. Kwangu ndio mpaka wa kimaadili wenyewe, na nitaurudia.

Pingamizi la kwanza ni rahisi kulitaja: kila mtu ana mdomo, kwa hiyo kila mtu anaweza kujibu. Jibu liko mitaani kwetu. Tangu wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilipojulikana Tanzania, katikati ya miaka ya 2000, wapo waliozoea kumwita mtu mwenye ualbino anayepita barabarani kwa neno moja, "dili". Waliokaa kijiweni hucheka. Aliyeitwa anajua, na wao wanajua, kwamba neno hilo linataja bei ya viungo vyake. Sasa mwambie ajibu. Atafute tusi gani la kumrudishia kijana yule, litakalomfanya naye afunge mlango mara mbili usiku? Halipo, kwa sababu hakuna mtu anayemwinda kijana yule. Kujibu ninakokusema mimi ni kurudisha kitu chenye uzito uleule, na uzito wa mzaha unatoka nje ya maneno, katika yale yanayoweza kumtokea mtu baada ya vicheko kuisha.

Marekani inatupa ushahidi mrefu zaidi wa jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 Thomas D. Rice, mzungu wa New York, alipata umaarufu kwa kujipaka weusi usoni na kucheza kama mtu mweusi mjinga aliyempa jina la Jim Crow. Sanaa hiyo ikawa burudani ya taifa, na jina lile likaja kuwa jina la sheria za ubaguzi zilizodumu katika majimbo ya kusini mpaka miaka ya 1960. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, aliwashutumu waigizaji hao gazetini mwake mwaka 1848. Lakini makala ya gazeti haikuwa na uzito wa kumbi zilizojaa watu kila usiku, na mtumwa hakuwa na jukwaa la kumwigiza bwana wake mbele ya umma akabaki salama. Hata mwanzoni mwa karne ya 20 Bert Williams, mweusi na mmoja wa wachekeshaji hodari wa zama zake, alipanda jukwaani akiwa naye amepakwa weusi. Mlango wa kujibia ulikuwa mmoja, nao ulimtaka avae kwanza sura aliyochorewa na waliomcheka.

Watasema: hayo ni maigizo, hayakumpiga mtu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Thomas Ford na wenzake walichapisha majaribio yanayogusa dai hilo. Wanaume waliokuwa tayari na uadui dhidi ya wanawake, walipokwisha kusoma vichekesho vya kuwadharau wanawake, walikuwa tayari kuchangia fedha kidogo zaidi kwa shirika la wanawake kuliko wenzao wenye uadui kama wao waliosoma vichekesho vya kawaida. Cha ajabu ni kwamba kauli za dharau zisizochekesha hazikuwa na athari hiyo. Chuki walikuwa nayo tangu mwanzo. Mzaha uliwapa ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo hupatikana pale ambapo pamenyamaza, yaani ambapo hakuna sauti ya kusema, na wewe je?

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mzaha uleule, mdomo uleule, unaweza kuwa halali leo na haramu kesho. Basi kipimo changu kinapima nini? Dave Chappelle, mchekeshaji mweusi wa Marekani, aliijenga kazi yake kwa kuucheka ubaguzi wa rangi kutoka ndani. Mwaka 2005 aliliacha onyesho lake la televisheni na mkataba wa mamilioni ya dola, akaenda Afrika Kusini. Baadaye alieleza kwamba walipokuwa wakirekodi kipande chenye kiumbe aliyepakwa weusi usoni, mzungu mmoja aliyekuwapo alicheka kwa namna iliyomshtua. Maneno yalikuwa ya Chappelle mwenyewe na nia ilikuwa yake. Kilichobadilika ni kwamba mzaha ulitoka mikononi mwa watu wanaoweza kurudishiana, ukaangukia kwa mtu ambaye kwake ulikuwa zawadi isiyo na deni. Kwa hiyo naam, kipimo hiki kinaweza kutoa majibu mawili kwa maneno yaleyale, na hiyo ni sifa yake.

Wamebaki wakubwa. Kama mwenye nguvu anaweza kujibu, je, kumcheka kunatukomboa? Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi kwenye televisheni ya Kenya, jambo lisilofikirika miaka kumi kabla. Mwanafalsafa Achille Mbembe, akiandika kuhusu Kamerun, alitahadharisha kwamba wananchi wanaweza kumcheka mtawala kila siku na utawala usitikisike hata kidogo. Nakubaliana naye, ila onyo lake linahusu manufaa ya mzaha huo, wala halihusu kama ni wa haki. Suala la haki linaonekana wazi zaidi Dar es Salaam, ambako Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa amevaa suti iliyomzidi mwili. Katika video ile anacheka tu. Shitaka lililosomwa baadaye mahakamani lilihusu usajili wa laini ya simu. Rais ana ikulu, ana wasemaji, ana kila chombo cha habari cha kumrudishia mchekeshaji mzaha wake mara mia. Pingu si mojawapo ya majibu hayo. Utani unamkataza mtani kutumia ngumi, na katazo hilo ndilo linalowafanya mnyonge na mwenye nguvu walingane kwa muda ule. Sisemi basi sheria itungwe ya kuwalinda wanaochekwa. Sheria za namna hiyo, tulivyoziona zikitumika, hukimbilia kuwalinda walio na majibu tayari.

Nisieleweke kwamba natetea mila kwa kuwa ni mila. Lile fungu la pili la Radcliffe-Brown tunalo majumbani. Msichana anayeishi kwa dada yake aliyeolewa, akisomeshwa na shemeji, huitwa "mke wangu" mezani, hushikwa bega, huulizwa lini atahamia chumba cha pili, na wote waliopo hucheka kwa sababu shemeji ni mtani. Akirudisha kwa uzito uleule, ataambiwa hana adabu. Ada yake ya shule itajadiliwa upya, na ndoa ya dada yake itaanza kuyumba. Kwa hiyo anatabasamu na kuondoa vyombo. Kwa kipimo nilichokitoa hapa, mwanamume yule si mtani wake, hata kama ukoo mzima unamwita hivyo.