Pikipiki ya Mkopo na Wezi wa Usiku

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Dodoma)



Zamani mwanachama wa nyanda hizi za kati alipokwenda kuomba mkopo, aliomba plau, mbegu au miche ya zabibu. Siku hizi kijana anayeingia katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo, akiwa na wadhamini wake wawili nyuma yake, mara nyingi huomba pikipiki. Wala ombi hilo si la anasa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, makazi yametawanyika sana. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba, Nala, Ihumwa au Iyumbu ni mwendo ambao mtu hauwezi kwa miguu. Pikipiki imeziba pengo hilo, na vijijini ndiyo hubeba gunia la alizeti, mgonjwa na barua ya chama vilevile.

Basi pikipiki ikiibwa hapotezi kijana peke yake. Deni hubaki katika daftari la chama, wadhamini hukatwa akiba zao, na mara nyingine mzee aliyeuza ng'ombe ili atimize fungu lake la kwanza hubaki hana ng'ombe wala pikipiki. Kwa sababu hiyo shauri la wizi wa pikipiki ni shauri la ushirika, wala lisiachiwe polisi peke yao.

Yafaa kwanza kutazama jinsi wenye mali wanavyojikinga. Walio wengi hununua mnyororo na kufuli. Wengine humwomba fundi awawekee swichi ya siri chini ya kiti, ili umeme usifike kwenye plagi mpaka kidole cha mwenyewe kiiguse. Wako wanaofunga koki ya mafuta kila wanaposhuka. Mwizi akiiwasha huenda mwendo mfupi tu kwa mafuta yaliyosalia kwenye kabureta, kisha humzimikia njiani, naye hukimbia akiogopa kuonekana anaisukuma. Hii ni hila nzuri, haigharimu hata senti, na inashangaza kuwa wengi hawaitumii. Kwa upande mwingine, kufuli ya usukani inayokuja na pikipiki kutoka kiwandani isitegemewe sana. Mtu mwenye nguvu huivunja kwa kuukaza usukani mara moja.

Usiku wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba. Desturi hii ina asili yake. Katika tembe la Kigogo vyumba vilizunguka ua, na ng'ombe walilala katikati, hata mwizi hakuwa na njia ila awapitie wenye nyumba waliolala. Leo pikipiki imechukua nafasi ya ng'ombe. Lakini ng'ombe hatoi mvuke wa petroli! Pikipiki isilazwe chumba kimoja na koroboi au jiko la mkaa, wala katika chumba wanamolala watoto. Ifungwe uani, kwenye nguzo iliyochimbiwa chini.

Wenye uwezo hufunga kile kifaa kidogo cha kufuatilia chombo kwa njia ya setilaiti, kinachotuma habari kwenye simu ya mwenyewe pikipiki ilipo, na vingine vyaweza hata kuizima injini kutoka mbali. Kifaa hiki kimewasaidia wengi. Hata hivyo kina laini ya simu ndani yake, na laini hiyo hutaka kulipiwa; ikiisha salio, kifaa huwa kipande cha plastiki tu. Tena mahali pasipo na mtandao wa simu hakisemi kitu, na wezi waliozoea hukitafuta kabla ya jambo lingine lolote. Anayekifunga akifiche vizuri, na fundi aliyekifunga awe mtu anayejulikana.

Haya yote ni mema. Lakini kufuli na swichi humzuia mwizi anayeikuta pikipiki imesimama. Pikipiki ya biashara kwa sehemu kubwa ya siku haisimami, na huibwa ikiwa barabarani, ufunguo ukiwa mahali pake na dereva akiwa juu yake. Hapo ndipo wenye mali wasipopenda kutazama, kwa maana wakitazama watauona mkono wao wenyewe.

Chukueni mfano. Tajiri anunua pikipiki kwa shilingi milioni 3, ampa kijana kwa mkataba. Kijana atatoa hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 70. Jumla shilingi 4,200,000, na baada ya hapo pikipiki ni yake. Mkataba huo hauna ubaya kwa mtazamo wa kwanza. Lakini unasema shilingi 10,000 mwezi Julai, alizeti na mahindi yakiwa yamevunwa na watu wana fedha, na unasema shilingi 10,000 vilevile mwezi Februari, mvua inanyesha, njia za vijijini ni tope, ghala la mkulima ni tupu na hakuna anayepanda pikipiki ila kwa shida. Wako matajiri wanaosema kwamba hesabu ikikosekana siku tatu, chombo kirudishwe, na yote aliyokwisha kulipa kijana yapotee.

Sasa kijana huyo, saa moja jioni ya Februari, ana shilingi 6,000 mfukoni na bado hajatia mafuta. Wenzake wa kijiweni wanaondoka kwenda kulala. Yeye anabaki. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na kwa mabasi yanayochelewa, wako abiria wa halali wanaoshuka usiku, hivyo kukaa kwake si upumbavu. Saa tatu anatokea mtu asiyemjua, ataka kupelekwa pembeni mwa mji mahali pasipo na taa, na bila kubishana asema atalipa mara tatu ya nauli ya kawaida. Kijana aliyekwisha kutimiza hesabu yake angejiuliza mara mbili. Huyu hawezi. Huko mbele mwingine anangoja kichakani na panga au kamba. Vijana waliopoteza maisha yao kwa njia hii ni wengi katika nchi hii, na kila mkoa unao wa kwake.

Sheria ni kali: unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini ukali wa sheria humfikia mwizi baadaye, na kijana amekwisha kuzikwa.

Basi Kamati ya Mikopo isiulize tu, pikipiki itafungwa kwa kufuli gani. Iulize mkataba umeandikwaje. Chama kinachokopesha wakulima kinajua tangu zamani kwamba mkopo wa kilimo hurejeshwa kwa msimu. Kwa nini mkopo wa pikipiki, ambayo abiria wake ni wakulima wale wale, urejeshwe kama mshahara wa karani? Marejesho yawe makubwa kuanzia mavuno ya Juni hadi Oktoba, na yapunguzwe Januari hadi Machi. Na mwanachama anayechukua mkopo wa chama kununua chombo kisha akamkabidhi kijana mwingine, mkataba wake na kijana huyo uletwe ofisini usomwe, kabla hundi haijatiwa sahihi. Mwenye mali aandike kwa maneno yake kwamba dereva akikataa safari ya usiku hatadaiwa hesabu ya usiku huo, na kwamba akiwekewa panga shingoni atoe ufunguo. Wako watakaonung'unika kuwa huko ni kuwafundisha madereva uongo. Dereva mwongo yupo, hilo halikanwi, na wako waliouza vyombo wakajifanya wameporwa. Lakini mwongo hugunduliwa kwa kumbukumbu nzuri, si kwa kuwaonea waaminifu.

Hapo ndipo kazi ya katibu inapoanza. Mfugaji hutia ng'ombe wake chapa. Pikipiki imekuja na chapa yake tayari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini ubavuni mwa injini. Hata hivyo, mwenye pikipiki mara nyingi huzikumbuka siku ya msiba, na kadi aliisahau ndani ya kisanduku cha pikipiki yenyewe, ikaenda pamoja nayo! Katibu awe na daftari moja lenye namba hizo zote, namba ya usajili, rangi, alama za pekee kama mkwaruzo au taa iliyobadilishwa, na picha ya dereva. Namba zinakiliwe kutoka kwenye chuma chenyewe, maana zile za kwenye karatasi huenda zikapishana nazo. Kadi ya usajili iandikwe jina la chama pamoja na la mwanachama hadi deni liishe, kama wafanyavyo wakopeshaji wa mjini. Na anayenunua pikipiki iliyotumika asikubali kuahidiwa kwamba umiliki utahamishwa kesho. Aende TRA siku hiyo hiyo, kwa maana mwenye kupokea mali ya wizi naye hushtakiwa.

Uharaka una maana sana mahali hapa. Dodoma imekaa kwenye njia panda: Morogoro, Iringa, Singida na Babati kila mmoja uko kilomita kama 250. Chombo kilichoporwa saa tatu usiku chaweza kuwa katika mkoa mwingine saa nane, na kabla ya adhuhuri kimekwisha kukatwa vipuri. Taarifa ya polisi inayotolewa asubuhi, baada ya tajiri kuamka na kunywa chai, imechelewa. Kijiwe kiwe na utaratibu kwamba anayebeba abiria baada ya saa mbili humwachia mwenzake jina la mahali anapokwenda, na asiporudi au asipopatikana kwenye simu, taarifa itolewe papo hapo, pamoja na namba kutoka kwenye daftari la katibu.

Mshukiwa akikamatwa, apelekwe kituoni akiwa mzima. Ile habari ya "wananchi wenye hasira kali" ni uuaji, na wanachama kadhaa huenda wakajikuta mahakamani kwa ajili yake. Tena maiti haiwezi kusema pikipiki imepelekwa kwa nani.

Linabaki suala la deni baada ya wizi. Bima ndogo ambayo kila chombo hutakiwa kuwa nayo hulipa madhara yaliyompata mtu mwingine, hailipi pikipiki iliyoibwa. Bima kubwa hulipa, lakini bei yake huwashinda wengi. Chama chenye pikipiki 20 au 30 za mkopo chaweza kuanzisha mfuko mdogo, kila mkopaji akichangia kidogo kwa mwezi, ili chombo kikiibwa na uchunguzi ukathibitisha, sehemu ya deni ilipwe kutoka humo na wadhamini wapumue. Kiasi cha mchango, na ushahidi utakaotakiwa, si vya kuamuliwa na katibu mezani kwake. Bodi iandae pendekezo, liingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, na muhtasari wake uletwe kwenye Chama Kikuu pamoja na nakala ya daftari la namba.