Mashine Haijui Saa Damu Ilipotolewa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida)



Nimeombwa nieleze kazi ya maabara ya hospitali. Nitazungumzia mashine moja tu, ile inayopima sukari na chumvi za damu, na kuonyesha hali ya figo na ini.

Sisi tulipoanza kazi, vipimo hivyo tulivifanya kwa mkono. Tulivuta maji ya damu kwa pipeti, tukatia kitendanishi, tukaweka tyubu katika maji ya moto, kisha tukasoma rangi kwa kalorimita. Wagonjwa kumi walitumaliza asubuhi nzima. Huko Marekani, katika mji wa Cleveland, Leonard Skeggs alikwisha kubuni mashine ya kuifanya kazi hiyo, na kampuni ya Technicon ilianza kuiuza mwaka 1957. Sampuli zilifuatana katika mipira myembamba, mkondo ukikatwa kwa mapovu ya hewa ili zisichanganyike.

Za siku hizi hunyonya kwa sindano maji ya damu yasiyofika tone moja, huyachanganya na kitendanishi katika kikombe kidogo chenye joto la nyuzi 37, kisha hupitisha mwanga. Rangi ikikolea, mwanga humezwa zaidi, na kutokana na hapo mashine hupata kiwango cha sukari. Kwa hiyo ninyi mnaodhani somo la mwanga ni la mtihani tu, fikirini tena. Kwa saa moja mashine hufanya vipimo mia na zaidi, wala haichoki.

Lakini, ndugu zangu, kuna jambo isilolijua.

Siku moja tuliletewa damu ya mama mmoja kutoka zahanati ya mbali. Ilitolewa saa mbili asubuhi kabla hajala, ikasafiri juani, ikatufikia saa nane mchana. Asubuhi ile nilikuwa nimeipima mashine kwa sampuli ya udhibiti, nayo ilikuwa sawa kabisa. Jibu la mama yule likatoka 5.7. Mtu aliyefunga huhesabiwa kuwa na kisukari kuanzia 7.0. Nikatia sahihi, mama akaambiwa hana tatizo.

Miezi minane baadaye alikuja mwenyewe, ana kidonda mguuni kisichopona. Tulipima damu mbichi, sukari ikawa 14. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa.

Mashine haikukosea. Chembe za damu ni hai hata zikiwa ndani ya tyubu, nazo huendelea kula sukari. Penye joto la kawaida la chumba, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwa muda wa saa sita, karibu theluthi moja ilikuwa imekwisha liwa. Mashine ilipima kwa usahihi kile kilichobaki. Saa ya kutolewa damu ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, nami sikuisoma.

Sisi wa Singida tunakijua kinu cha alizeti. Ukitia mbegu zilizooza, hata kinu kikiwa kipya namna gani, hutapata mafuta mazuri. Tena afadhali mafuta, maana utayanusa. Namba iliyochapwa haina harufu.

Kwa hiyo nawaombeni ninyi mtakaokuwa wauguzi, waganga au wataalamu wa maabara, mshike mambo matatu. Andikeni saa damu ilipotolewa. Tenganisheni maji ya damu na chembe zake mapema, kabla ya safari ndefu. Dawa ya floridi katika tyubu husaidia, ingawa katika saa ya kwanza au mbili sukari bado hupungua. La tatu ndilo gumu zaidi: sampuli ikiwa imechelewa, kataeni kuipima, mwandike kwamba itolewe upya. Mtalaumiwa, na mgonjwa atanung'unika kwa nauli. Vumilieni.

Vijana, mashine zitazidi kuwa bora, nami nazifurahia. Lakini anayetia sahihi ni mtu. Mama yule alitembea kwa miguu yote miwili kuja kutoa damu kule zahanati. Mimi ndiye niliyetia sahihi.